Simu Iliyomsomea Dama Kazungu

Nyinyi mnaoketi sasa kwenye meza za mafundi wa simu pale sokoni Malindi, nawaona. Napita kila asubuhi na kapu langu nikienda kutafuta kitoweo, na nikifika kwenu napunguza mwendo. Mteja hajamaliza kuitikia salamu, bisibisi ishaingia kwenye skurubu! Mkono huniwasha nimnyang'anye mtu chombo. Lakini nishastaafu, na mstaafu mwenye adabu hasimami juu ya kichwa cha mtu anayetafuta riziki. Basi nimeona heri niandike. Mimi ndiye Bi. Rukia, yule ambaye meza yake iliegemea ukuta wa duka la vitambaa, na baadhi yenu nyinyi nimewashika mkono mkijifunza kulehemu.

Mimi nilifunzwa na Fundi Shee, Mungu amrehemu, mtu wa visiwani, mwenye sauti ndogo na subira ndefu. Alianza na redio, zikaja saa za ukutani, kisha simu zilipoingia akazipokea kama wageni wengine wowote. Siku ya kwanza aliponipa simu ya mteja nilikimbilia bisibisi. Akaisogeza mbali nami, polepole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Hicho cha mwisho hicho, Rukia. Ifungue kwa kidole kwanza."

"Kwa kidole vipi, Mwalimu?"

"Ingia kwenye mipangilio. Maradhi mengi ya simu si maradhi. Ni mtu aliyegusa asipopajua, au asiyejua pa kugusa."

Nimekaa na neno hilo miaka yote ya kazi yangu, na halijaniangusha. Mwanamke mmoja wa Shela aliniletea simu akidai imezeeka, haipigi picha, inakwama, na bando linakwisha kabla hajala chamcha. Nikaifungua kwa kidole. Kumbe kila ua la waridi lililoandikwa "asubuhi njema" katika kila grupu aliyokuwamo lilikuwa likijipakua lenyewe na kuingia ndani. Shangazi zake walimpenda sana, na mapenzi yao yalikuwa yamejaza simu hadi mlangoni. Nikazima ule upakuaji wa kujiendesha wenyewe, nikayafuta maua, na simu ikarudi ujana pale pale. Alinitazama kama niliyefufua maiti.

Au chukueni ile sehemu ya taarifa za dharura. Ipo kwenye simu nyingi, na wengi hawajawahi kuifungua hata mara moja. Unaandika maradhi uliyo nayo, dawa inayokudhuru, na jamaa wa kupigiwa. Hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, mtu akikukuta umeanguka njiani anaweza kuzisoma. Kila dereva wa bodaboda aliyeketi mbele yangu, hata kama kilichomleta ni chaji tu, hakuondoka bila kujaziwa. Walikuwa wakinung'unika, "Bi. Rukia, mimi siumwi." Nawajibu, "Namwandikia atakayekuokota, si wewe."

Na ile namba ya siri ya laini yenyewe, mbali na ya simu. Iwekeni. Simu ikiibiwa, mwizi akiitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine, hapati kitu. Lakini mwambieni mteja asiibahatishe akiisahau, maana akikosea mara tatu laini inajifunga, na hapo atatafuta ile kadi iliyokuja na laini, yenye namba ya kuifungulia, ambayo sote tunajua iko wapi. Haiko popote.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Lilianza na mzee mmoja muuza mkaa, mtu wa Maweni. Alikuja mezani kwetu na bakuli lenye kifuniko, amekishikilia kifuniko kwa viganja viwili.

"Fundi yuko?"

"Ameenda kuswali. Kuna nini, baba?"

"Simu yangu imeingiliwa."

Akafunua. Simu imelala ndani ya bakuli, na nilipoigusa tu, sauti ya mwanamke ikasema neno la Kizungu. Nikagusa tena, ikasema jingine. Kila kidole kilipotua, yeye anasema. Nagusa mara moja, haifunguki. Naisukuma juu, haisogei. Yule mzee alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye mlango wa duka la vitambaa, anasoma dua.

Fundi Shee alirudi, akaichukua simu, akabonyeza vile vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kidogo. Kimya.

"Umemtoa?" mzee akauliza.

"Nimemlaza. Ukimhitaji tena, unabonyeza hapa na hapa."

"Simhitaji! Akae huko huko!"

Mzee alipokwisha ondoka, Fundi Shee alinieleza. Huyo ni msomaji wa skrini, alisema, amefichwa ndani ya sehemu iitwayo ufikivu, kule chini ya mipangilio ambako watu hawafiki. Kazi yake ni kumsomea asiyeona kila kilicho chini ya kidole. Ukigusa mara moja anakutajia, ukigonga mara mbili anafungua. Ukitaka kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Alinifanya nimwashe na kumzima mpaka nikazoea, kisha tukaendelea na kazi nyingine. Kwa muda mrefu sikukutana na mtu wa kumpa.

Fundi Shee alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, na meza imekuwa yangu peke yangu, siku Dama Kazungu alipokuja.

Ilikuwa msimu wa maembe. Mama wa Kigiriama mrefu, amejifunga leso mbili, anaongozwa na binti yake Sidi aliyemshika kiwiko. Nilimjua kwa sura, maana alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima kule Kakuyuni, na kila msimu alikuwa akipita sokoni kutafuta vikapu. Nilimsalimu, naye akaitikia, lakini aliitikia kuelekea kwenye kabati langu la vioo. Hapo nikajua.

"Karibu kiti, Mama Sidi."

Sidi akamketisha. Mama akafungua pindo la leso, akatoa simu ya kugusa, mpya, haina hata mkwaruzo.

"Bi. Rukia, nataka uniondolee hii. Nipe kabambe, ile ya vibonye. Vidole vyangu vinavijua vibonye. Hii ni kama kupapasa bati."

"Macho yamekuwaje, mama?"

"Presha ya macho. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Naona mwanga wa mlango, basi."

Alilisema hilo bila kulia, kama anayetaja bei ya mahindi. Lililomliza lilikuwa jingine. Mnunuzi wao wa maembe, ambaye siku za nyuma alikuwa akiwapigia simu, sasa alikuwa akitoa matangazo yote kwenye grupu. Siku ya lori huandikwa huko, mahali pa kukusanyia huandikwa huko, na mwenyekiti ndiye anayepaswa kujibu kwamba mzigo uko tayari. Ujumbe mmoja ulikuja Sidi akiwa shambani. Aliporudi na kuusoma, lori lilikuwa limekwisha fika, limekuta pako kimya, limekwenda kupakia kwa wengine. Maembe ya kikundi kizima yakaozea kwenye vikapu. Akina mama wakatembea siku hizo wakinusa maembe yaliyochacha, jasho lao wenyewe limegeuka pombe.

"Sasa kuna mkutano," Dama akasema. "Watachagua mwenyekiti mwingine. Kadzo ndiye aliyelileta wazo. Kadzo ni jirani yangu, tumezaa pamoja, tumelima pamoja. Na hakulileta kwa ubaya. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma. Alisema, 'Mwenzetu amechoka, tumpumzishe.' Mimi sijachoka, Bi. Rukia. Mimi sioni. Hayo ni mambo mawili."

Sidi akasema taratibu, "Mama, nimekwambia nitakuwa nikikusomea. Sitaenda mbali na simu tena."

"Na ukiolewa? Na ukiumwa? Mwanangu, wewe ni binti yangu, si miwani yangu."

Niliichukua ile simu. Nawaambieni, niliwahi kutengeneza vioo, betri, sehemu za chaji, hata simu iliyoanguka kwenye sufuria ya pilau, lakini sikuwahi kutengeneza kitu kama hiki. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka, nikashuka tena, nikafika kwenye ufikivu, nikamwasha msomaji. Nikafungua ule ujumbe wa mwisho wa mnunuzi, ule ulioozesha maembe, na kuweka kidole cha Dama juu yake.

Sauti ikausoma. Lakini ilikuwa sauti ya Kizungu inayosoma Kiswahili, na maembe yakatoka kama jina la mji wa Ulaya. Alhamisi sijui ilikuwa nini. Ilikuwa kama mtalii aliyeteremka leo, amepewa karatasi ya khutuba ya Ijumaa aisome.

Dama akacheka. Alicheka hadi leso ya kichwani ikalegea, na Sidi akacheka kwa sababu mama yake amecheka, na mwenye duka la vitambaa akatoka kuangalia kuna nini, akarudi ndani.

"Huyu naye haoni?" Dama akauliza.

"Anaona, ila hajafunzwa lugha."

Hapa ndipo ninapotaka mtege sikio, vijana. Mafundi wengi humwasha msomaji, wakasikia ile sauti ya ajabu, wakamwambia mteja kwamba simu haijui Kiswahili. Inajua. Kuna mpangilio wa pili, wa kubadili maandishi kuwa matamshi, na ndani yake mna lugha, na ukiteremka kwenye lugha utakikuta Kiswahili kimelala hapo kinangoja kupakuliwa. Nilitumia bando langu nikakipakua. Nikapunguza kasi ya kusema hadi ya mtu anayetembea na mtungi kichwani. Kisha nikamrudishia kidole.

"Akina mama wa Kakuyuni," simu ikasema, kwa Kiswahili safi, "lori litakuja Alhamisi."

Dama hakucheka tena. Akagusa tena, ikasema tena. Akaniuliza, "Nani mwingine amesikia?"

"Sisi watatu tu."

"Na nikiwa peke yangu?"

"Ukiwa peke yako, wewe peke yako."

Akaikunja ile simu ndani ya leso akaifunga fundo mara mbili. "Kabambe sitaki tena," akasema. "Nifunze."

Alikuja kila siku ya soko. Mwanzo ulikuwa mgumu, siwafichi. Kidole chake kilikuwa kimezoea kubonyeza kwa nguvu, na kioo hakitaki nguvu, kinataka kugongwa kama mlango wa mwenye mgonjwa ndani. Siku moja akafika amekunja uso. Alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, akagonga mara mbili pasipo pake, akampigia mchungaji wake katikati ya ibada, na simu ya mchungaji ikalia mbele ya waumini. Akaikata. Akagonga tena. Akampigia tena.

"Alipokuja nyumbani kuniuliza nina shida gani, nikakosa pa kuuficha uso," akasema. "Bi. Rukia, tuache."

Nilichukua kitambaa dukani nikajifunga macho yangu mwenyewe, nikaishika simu yake, nikajaribu kumpata Sidi kwenye orodha ya majina. Nikampigia mnunuzi wa maembe. Nilisikia sauti yake nzito ikisema "Haloo, mwenyekiti?" nami kwa kufadhaika nikamwambia samahani, nilikuwa nikimtafuta binti yangu. Dama alicheka tena, na safari hii aliinyakua simu mkononi mwangu.

"Lete hapa. Wewe hujui."

Tangu siku ile alikwenda mbio. Alinizidi. Alijua kila kitu kilipo kwa kuzoea, kama anavyojua chungu kilipo jikoni. Alitaka kasi iongezwe. Tukaongeza kidogo. Akataka zaidi. Ikafika mahali sauti inakwenda kama mvua juu ya makuti, mimi siambulii neno, yeye ametega sikio anatikisa kichwa, "Ehe. Ehe. Huyu anauliza mbegu za korosho. Ehe."

Nikamwekea waya wa sikioni, na nikapanga namba zake za siri zisitajwe kwa sauti isipokuwa ndani ya waya ule, maana msomaji asiye na adabu atazitangaza mbele ya watu. Halafu nikamwonyesha lile ambalo hata Sidi lilimshtua. Msomaji ana mpangilio wa kuificha skrini. Ukiuwasha, kioo kinakuwa cheusi kabisa, simu inafanya kazi kama kawaida, chaji inadumu, na aliyeketi karibu nawe hawezi kuchungulia neno lako. Asiyeona hana haja ya mwanga, kwa nini aulipie?

"Imezima!" Sidi akapiga kelele.

"Haijazima," mama yake akasema, akiisoma. "Nyinyi ndio mmezimiwa."

Kuandika ndiko kulikobaki. Tukaongeza Kiswahili kwenye kibodi, nikamwonyesha kile kitufe cha maikrofoni, unaongea nayo inaandika. Alipojitambulisha mara ya kwanza ikaandika "Mimi Dawa Kazungu." Akaamuru ibaki hivyo mpaka ampelekee mchungaji acheke naye. Kisha tukalitia jina lake kwenye kamusi ya simu, na nikamfunza kusikiliza alichokiandika kabla hajakituma. Mfundisheni kila mteja hilo, anayeona na asiyeona.

Siku ya mkutano nilifunga meza mapema nikapanda bodaboda hadi Kakuyuni. Walikutana kwenye darasa la chekechea, na akina mama wote walikuwa wameketi kwenye vile viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Hapakuwa na aliyecheka. Nilipewa kiti mlangoni. Dama alikuwa mbele, simu yake mapajani, kioo cheusi, waya mmoja sikioni umejificha chini ya leso.

Kadzo alisimama. Mwanamke mfupi, imara, uso wa mtu aliyelala vibaya kwa sababu ya jambo analotakiwa kulisema.

"Mimi sina kinyongo na Dama," akaanza. "Wote mnajua. Nilipojifungua kifunguamimba wangu ni yeye aliyenishika mgongo. Lakini maembe yalioza. Mambo yote siku hizi yako kwenye simu, na mwenzetu hawezi kusoma simu. Tukiendelea hivi, msimu huu nao utaoza. Mimi nasema apumzike, tumheshimu kama mama yetu."

Watu wakaguna kukubali, kwa huzuni. Mama mmoja akafuta macho.

Dama akasimama. "Kadzo amesema kweli. Maembe yalioza na mimi ndiye mwenyekiti. Naomba jambo moja tu. Kabla ya kunipumzisha, niruhusuni nisome ujumbe uliokuja leo."

Akainua simu. Kutoka pale mlangoni niliona walivyotazamana.

"Dama, dada yangu," Kadzo akasema kwa sauti ya chini, "hiyo simu imezima."

"Haijazima."

"Kioo ni cheusi kabisa. Sote tunaona."

"Nyinyi mnaona," Dama akasema. Akauchomoa waya.

Ile sauti ilijaa darasani. Kwa ile kasi yake, mvua juu ya makuti, na akina mama wakashtuka, wengine wakashika watoto wao. Dama akateremsha kidole, akapunguza mwendo, akagonga mara mbili. Na simu nyeusi ikasoma, taratibu, neno kwa neno, kila mmoja akisikia: "Habari za leo, akina mama. Nataka kuleta lori Alhamisi asubuhi, njia panda. Nani atanihakikishia kwamba mzigo uko tayari? Nisipojibiwa leo nitakwenda kwingine."

Ujumbe ule ulikuwa kwenye simu zao wote, ndani ya mikoba, ndani ya mapindo ya leso, umefika tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameufungua.

Dama akashika kitufe cha maikrofoni, akasogeza simu mdomoni. "Mimi mwenyekiti Dama Kazungu. Maembe yako tayari. Lete lori Alhamisi, njia panda." Akasikiliza simu ikimrudia maneno yake. Akatuma.

Na hapo, vijana wangu, nikasikia mlio ambao sijausikia tena mwingine kama huo. Simu za darasa zima zikalia. Ting kwenye mkoba huu, ting kwenye kapu lile, moja kifuani, moja chini ya mtoto aliyelala. Neno la Dama lilikuwa limemfikia kila mmoja wao. Walizitoa, wakazitazama, wakamtazama yeye.

Kadzo aliishika yake mbali, mkono umenyooka, akakunja macho. Akasogeza mkono mbali zaidi. Hakuweza kusoma herufi zile. Alisimama hivyo kidogo, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo, akapita katikati ya viti vya watoto, akaiweka simu yake kwenye kiganja cha Dama.

"Nisomee, mwenyekiti."

Kelele zilizopigwa zilifika barabarani. Vigelegele, makofi, miguu ikigonga sakafu, viti viwili vya chekechea vikavunjika pale pale. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele, na sauti yangu si nzuri. Walipotulia wakasema lazima kura zipigwe, mambo yaende kwa utaratibu. Mikono ikainuliwa. Dama akageuza uso huku na huku akiutafuta mwanga.

"Nani anayenihesabia?"

"Usihesabu," Kadzo akamwambia, amesimama ubavuni pake. "Wangu uko juu. Mingine yote iko nyuma ya wangu."

Lori lilikuja Alhamisi. Liliondoka limejaa hata turubai likakataa kufungika, na Dama alikuwa amesimama njia panda akiongoza upakiaji kwa sauti, simu nyeusi mkononi, akijibu kila ujumbe ulioingia kabla dereva hajamaliza kuufungua. Msimu uliofuata wakamchagua tena, na safari hiyo hapakuwa na hata wa kulijadili. Sasa watu wasioona wanatoka hadi Kuruwitu kuja kukaa barazani kwake.

Lakini ninalotaka mlichukue nyinyi ni lile lililotokea kabla hatujatoka darasani siku ile. Akina mama walinivamia pale mlangoni, kila mmoja na simu yake. Huyu anataka herufi kubwa, yule anataka sauti, mwingine anataka tu kujua kile kidude chenye meno kama gurudumu ni cha nini. Nikaanza kukunja mikono ya buibui nifanye kazi. Dama akanisikia.

"Bi. Rukia, wewe leo ni mgeni. Kaa." Akavuta kimojawapo cha vile viti vidogo, akaketi, magoti yakampanda kifuani. "Waje kwangu. Wa kwanza nani?"

"Mimi," Kadzo akasema.

"Keti hapa. Shika simu hivi. Bonyeza vitufe viwili hivi vya sauti kwa pamoja, ushikilie. Umemsikia? Vizuri. Sasa fumba macho."

"Nifumbe ya nini, Dama? Mimi naona."

"Ndiyo maana. Fumba."

Kadzo akafumba. Aliyekuwa nyuma yake naye akafumba, na wa nyuma yake, mpaka foleni yote ikasimama kimya macho yamefumbwa, simu mikononi, wakingoja kufunzwa na mwanamke asiyeona. Hakuna aliyekuwa amewaamuru hao wengine.

Nilikuwa fundi. Nilikuwa nimeijua kazi ile kwa vidole vyangu muda mrefu kuliko wote waliokuwamo. Nikatoa simu yangu kwenye mkoba, nikaenda nikasimama mwisho wa foleni, nikafumba macho.

Na kutoka mbele, nikasikia sauti ya Dama, "Gusa. Mara moja tu. Usiogope, mwenzangu, haivunjiki."